UZI: Leukonoidi, sikonoidi na askonoidi: tuusome mwili wa sifongo kwa kufuata maji

#1 TumbaweLaKusini (mleta uzi)

Habari za muda huu wadau. Swali la maumbo matatu ya sifongo (wanyama wa majini wanaochuja maji kupata chakula) linajirudia sana humu, na majibu mengi ni ya kukariri: askonoidi ni rahisi, sikonoidi ni wa kati, leukonoidi ni tata. Jibu hilo halimfai mtu akishawekewa slaidi ya hadubini mbele yake. Tulimalize hapa, na uzito tuuweke kwenye leukonoidi, kwa sababu sifongo walio wengi mno duniani wana mpangilio huo na ndio unaochorwa vibaya zaidi vitabuni.

Kwanza kabisa: maneno haya hayataji makundi ya wanyama. Yanataja mpangilio wa mfumo wa maji ndani ya mwili. Ernst Haeckel alipoyaweka mwaka 1872, katika kazi yake juu ya sifongo wa chokaa, kwake yalikuwa makundi ya uainishaji: Ascones, Sycones, Leucones. Makundi hayo yameshavunjwa. Majina yamebaki kueleza umbo tu, kwa hiyo ukiandika "sifongo huyu ni wa kundi la leukonoidi" umeshapoteza alama.

Swali la kujiuliza ni moja: koanosaiti zimekaa wapi? Hizi ni seli zenye flajela (mjeledi mdogo) moja katikati, iliyozungukwa na kola ya mikrovili (vijinyweleo vya seli) 30 hadi 40. Flajela inasukuma maji, kola inachuja.

Askonoidi: koanosaiti zimeutandika uwazi mkuu wenyewe, yaani spongosili. Maji yanaingia kwa ostia (matundu madogo ya ukutani), yanafika spongosili, yanatoka kwa oskulamu (tundu kubwa la kutokea). Basi. Mifano ni Leucosolenia na Clathrina.

Sikonoidi: ukuta umesukumwa nje ukawa vidole vidole, na koanosaiti zimehamia ndani ya vidole hivyo, ambavyo ndiyo mifereji ya mionzi. Spongosili ipo bado lakini haina koanosaiti hata moja. Imefunikwa na pinakosaiti, zile seli bapa. Njia ya maji: tundu la nje, mfereji wa kuingiza, prosopaili (kitundu cha kuingilia kwenye koanosaiti), mfereji wa mionzi, apopaili (kitundu cha kutokea humo), spongosili, oskulamu. Mfano ni Sycon.

Leukonoidi: koanosaiti zimejikusanya ndani ya vijumba vidogo vya mviringo vilivyozama kwenye mesohili, ile tabaka ya katikati yenye kolajeni, spikuli (vijiti vigumu vya kiunzi) na seli zinazotembea. Njia: ostia, uwazi wa chini ya ngozi (kwa wale walio nao), mifereji ya kuingiza inayogawanyika kila mara kuwa myembamba zaidi, prosopaili, kijumba, apopaili, mifereji ya kutoa inayoungana kila mara kuwa mipana zaidi, oskulamu. Spongosili kubwa kama ile ya Sycon mara nyingi haipo. Mchoro unaoonyesha leukonoidi kama chungu chenye uwazi mpana katikati na vijumba vichache ukutani unawapotosha wanafunzi.

Karibuni maswali.

#2 Mwanagenzi_Zuo

Asante sana mkuu. Njia ya maji imeeleweka. Ila sababu sijaipata. Vitabu vinasema kukunja ukuta "kunaongeza eneo la uso" halafu vinahamia mada nyingine. Eneo la uso likiongezeka sifongo anapata nini hasa? Na kwa nini askonoidi hawezi tu kuwa mkubwa?

#3 TumbaweLaKusini

Ndugu, chukua kalamu tupige hesabu.

Askonoidi ni bomba. Idadi ya koanosaiti inategemea eneo la ukuta wa ndani. Maji yanayotakiwa kusukumwa ni ujazo uliomo ndani ya bomba. Kwa bomba, eneo la ukuta gawanya kwa ujazo ni 2 gawanya kwa nusu kipenyo.

Bomba lenye nusu kipenyo cha mm 0.5: kila mm ya urefu ina ukuta wa mm za mraba 3.14 na maji mm za ujazo 0.785. Uwiano ni 4.

Likuze bomba hilohilo lifike nusu kipenyo cha mm 5: ukuta 31.4, maji 78.5. Uwiano ni 0.4. Wafanyakazi wameongezeka mara kumi, kazi imeongezeka mara mia. Maji ya katikati ya bomba yako mbali na flajela, kwa hiyo yanadorora tu pale, na hewa ya oksijeni na chakula havifiki. Ndiyo maana askonoidi hubaki mabomba membamba, na akitaka kuwa mkubwa huongeza mabomba mengine ubavuni badala ya kupanua lile moja. Tazama Clathrina: ni wavu wa vibomba vilivyoshikana.

Sasa kijumba cha leukonoidi chenye kipenyo cha mikromita 30, yaani mm 0.03. Kwa tufe uwiano ni 6 gawanya kwa kipenyo: 6 ÷ 0.03 = 200. Linganisha 200 na 0.4. Tena sifongo akikua havipanui vijumba vyake. Anaongeza vijumba vingine vya ukubwa uleule, na uwiano hauanguki. Hapo ndipo leukonoidi anapopata ruhusa ya kuwa mkubwa na wa umbo lolote: bonge, kikombe, feni, utando juu ya jiwe.

#4 Kina_Kirefu

Naongezea upande wa kasi, maana eneo la uso ni nusu tu ya habari.

Kuna vipimo maarufu vya mtafiti Bidder vya mwaka 1923 kwa Leuconia, sifongo wa chokaa mwenye mpangilio wa leukonoidi, urefu sm 10 na kipenyo sm 1. Alikadiria hivi:

- mifereji ya kuingiza ipatayo 81,000, maji yakienda kwa sm 0.1 kwa sekunde
- vijumba zaidi ya milioni 2, maji yakishuka hadi sm 0.001 kwa sekunde
- oskulamu moja, maji yakitoka kwa sm 8.5 kwa sekunde

Maji hayapotei njiani, kwa hiyo kiasi kinachopita kila hatua kwa sekunde ni kilekile: eneo la mkato mara kasi. Toka mferejini hadi kijumbani kasi imeshuka mara 100, maana yake jumla ya mikato ya vijumba ni mara 100 ya jumla ya mikato ya mifereji ya kuingiza. Toka kijumbani hadi oskulamu kasi imepanda mara 8,500, maana yake oskulamu ina eneo moja ya 8,500 ya vijumba vyote kwa pamoja. Mto ukitanuka bwawani hutulia, ukibanwa kwenye mlango mwembamba huchapuka. Hakuna flajela inayoongeza kasi pale oskulamu.

Kasi ndogo inatakiwa kijumbani kwa sababu nafasi kati ya mikrovili za kola ni takriban mikromita 0.1 hadi 0.2 tu. Maji yakienda mbio hayapiti kwenye chujio jembamba namna hiyo kwa nguvu ndogo ya flajela, na bakteria hawapati muda wa kunaswa. Kasi kubwa inatakiwa oskulamu ili maji machafu yatupwe mbali, yasiingie tena kwa ostia za sifongo huyohuyo. Sifongo aliye mahali penye maji yaliyotuama anaitegemea sana hii.

Jambo jingine linalosahaulika: flajela za kijumba kimoja hazipigi kwa mpangilio wa pamoja. Kila moja inapiga kivyake. Mwelekeo wa maji unatokana na umbo la kijumba: prosopaili ni nyembamba, apopaili ni pana, na kola zimeelekezwa upande wa kutokea.

#5 Mwanagenzi_Zuo

Hapo kwenye kugawanya maeneo nimeelewa vizuri, shukrani wakuu wote wawili. Swali la maabara sasa. Mkato mlalo wa Sycon nitautofautishaje na leukonoidi kwa uhakika? Na chakula kinasagwa kwenye spongosili?

#6 Hadubini_Safi

Naanza na la mwisho maana ni fupi: hapana. Spongosili si tumbo na hakuna kimeng'enya kinachomwagwa mle. Usagaji ni ndani ya seli. Koanosaiti inanasa bakteria, inammeza na kumpasia akeosaiti, ile seli inayotembea kwenye mesohili. Chembe kubwa zaidi, hadi kama mikromita 50, zinanaswa na seli za kuta za mifereji kabla hata ya kufika kijumbani. Zaidi ya hapo haziingii, ostia hazina upana huo.

Sasa slaidi. Anza na ukuzaji mdogo, 4x au 10x, usikimbilie 40x.

Sycon mkato mlalo halisi: duara tupu katikati (spongosili), kuzunguka duara kuna vyumba virefu vilivyosimama kama mionzi. Kati ya kila vyumba viwili vyenye kingo nyeusi kuna nafasi yenye kingo nyembamba. Kingo nyeusi ni mstari wa viini vya koanosaiti, hiyo ni mionzi. Kingo nyembamba ni pinakosaiti, huo ni mfereji wa kuingiza. Mfereji wa kuingiza hufunguka upande wa nje na kuishia kipofu upande wa ndani. Wa mionzi ni kinyume chake: kipofu nje, wazi ndani kupitia apopaili. Ukishaona mpishano huo huwezi kukosea.

Leukonoidi: hakuna mionzi. Utaona pete ndogondogo za viini vyeusi zimetapakaa kwenye nyama, na baina yao mashimo ya ukubwa tofauti yasiyo na kingo nyeusi. Pete ni vijumba, mashimo ni mifereji. Mfereji wa kuingiza na wa kutoa kwenye mkato mmoja huwezi kuitofautisha kwa macho tu mpaka ufuatilie mikato inayofuatana au ubahatike kuona apopaili. Usijilazimishe kuandika jina usilo na ushahidi nalo.

Mtego mkubwa: Sycon akikatwa kwa kuteleza pembeni, yaani mkato usiopita katikati, mionzi yote inakatwa kwa mlalo na inaonekana pete pete. Mwanafunzi anaandika leukonoidi. Dalili ya kumwokoa ni kwamba pete hizo zimejipanga kwa usawa, karibu zote upana mmoja, na ni kubwa kuliko vijumba vya kawaida vya leukonoidi. Tafuta mkato mwingine kwenye slaidi hiyohiyo kabla ya kujibu.

#7 BandariYaMtwara

Hadubini, hebu weka na namna ya kutengeneza hizo slaidi. Vyuo vingi hutumia slaidi za kununua kutoka Ulaya, za Sycon na Leucosolenia zilezile, wakati sifongo wamejaa kwenye mwambao wetu.

#8 Hadubini_Safi

Sawa. Kabla ya yote, kibali. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia au Ghuba ya Mnazi huchukui kiumbe bila kibali. Na vaa glovu: wapo sifongo wanaowasha vibaya, jenasi Tedania na Neofibularia zinajulikana kwa hilo, na spikuli za silika ni vioo vinavyoingia ngozini.

Kuchukua: kata kipande ndani ya maji, kitie ndani ya chupa ndani ya maji, funga chupa ndani ya maji. Sifongo akiinuliwa hewani maji yanachuruzika na mapovu ya hewa yanaingia mferejini. Flajela hazina nguvu ya kuyatoa. Sehemu hiyo inakufa, na dawa ya kugandisha (inayozuia seli zisiharibike, si barafu) haiingii palipo na povu.

Kugandisha: vijumba vinaharibika haraka sana, kwa hiyo dawa iwe tayari kabla hujakata. Kipande kisizidi mm 5 upande mmoja, na dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wake. Fomalini: sehemu 1 ya ile ya dukani na sehemu 9 za maji ya bahari yaliyochujwa, saa 24. Lazima uizimue asidi kwa boraksi. Fomalini ikikaa inakuwa na asidi, na asidi inakula spikuli za chokaa. Unaweka Sycon mzima kwenye chupa, baada ya miezi unatoa sifongo laini asiye na spikuli hata moja halafu unamtambua kimakosa. Kwa sababu hiyohiyo usitumie dawa ya kugandisha iitwayo Bouin kwa sifongo wa chokaa kama unazihitaji spikuli. Ina asidi ya pikiriki na asetiki. Kwa hifadhi ya muda mrefu na kwa DNA tumia ethanoli 95% na uibadilishe baada ya siku moja, maana maji yaliyomo mwilini mwa sifongo ni mengi na yanaizimua.

Kukata kwa nta (kipande kikiwa kimezamishwa kwenye nta): hapa spikuli ndiyo adui. Za chokaa ziondoe kwa makusudi baada ya kugandisha, kwa EDTA 5% (kemikali inayovuta kalsiamu), ukibadilisha mpaka kipande kiwe laini chini ya pini. Za silika haziondoki kwa EDTA. Zinaondolewa kwa asidi ya hidrofloriki, na hiyo sishauri kwa maabara isiyo na chemba ya kufyonza hewa, jeli ya kalsiamu glukoneti na mtu aliyefunzwa. Inapenya ngozi na kuua. Njia salama zaidi ni kuanza na sifongo asiye na spikuli kabisa, kama wa jenasi Spongia au Hippospongia.

Kisha ethanoli 70, 80, 90, 95, 100, 100, saa moja moja. Zailini mara mbili. Nta ya nyuzi 58 mara mbili. Kata mikromita 6 hadi 8, tia rangi ya hematoksilini na eosini. Utapata pete za viini vizuri. Kola zenyewe usizitarajie kwenye nta, hizo ni za hadubini ya elektroni.

Yanayoharibika: mkato unachanika kwa mistari sambamba ni spikuli iliyobaki au wembe wenye pengo. Vijumba vitupu, viini vimemwagika katikati, ni kuchelewa kugandisha. Nyama imejitenga na nyuzi za spongini (protini ya kiunzi laini) ni kukimbizwa kwenye ethanoli.

#9 BandariYaMtwara

Shukrani, hii naihifadhi. Na kwa mtu asiye na nta wala mashine ya kukatia?

#10 Hadubini_Safi

Wembe mpya na mkono. Kipande kilichokaa kwenye ethanoli kigumu kidogo, kata vipande vyembamba kadiri unavyoweza, kimoja wima kupitia uso, kimoja mlalo wa uso. Vipitishe ethanoli kamili, kisha zailini au mafuta ya karafuu mpaka vipenyeze mwanga, bandika. Hutaona seli moja moja, lakini mifereji, mpangilio wa nyuzi na mwelekeo wa spikuli vinaonekana vizuri, na kwa utambuzi hivyo ndivyo vinavyotakiwa kwanza.

Spikuli: kipande cha mm 3 kwenye slaidi, matone ya jiki, dakika 15 hadi 20, nyama inayeyuka. Nyonya kwa karatasi, suuza kwa maji mara tatu, suuza kwa ethanoli, kausha, tazama. Kujua kama ni chokaa au silika, chukua kipande kingine kabisa na dondoshea siki: chokaa inatoa povu. Siki na jiki visikutane kamwe, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Na usiseme "hana kiunzi" kwa sababu jiki haikuacha kitu. Jiki ikikaa inayeyusha spongini pia. Kuona nyuzi za spongini, ozesha kipande kwenye maji na kukisuuza.

#11 Baharini_Leo

Nichangie kidogo wadau. Nijuavyo mimi hizi ni ngazi za mageuzi. Askonoidi alikuja kwanza, akazaa sikonoidi, akazaa leukonoidi. Leukonoidi ndiye aliyeendelea zaidi. Ndivyo tulivyofundishwa.

#12 Kina_Kirefu

Baharini, ndivyo inavyofundishwa mahali pengi, na nakuelewa, lakini haisimami.

Moja: askonoidi na sikonoidi ni mambo ya sifongo wa chokaa, Calcarea, ambao ni chini ya moja ya kumi ya spishi zinazojulikana. Demospongiae, ambao ndio zaidi ya asilimia 80, ni leukonoidi karibu wote, na hakuna ushahidi kwamba wahenga wao walipitia sikonoidi.

Mbili: ndani ya Calcarea kwenyewe, miti ya ukoo iliyojengwa kwa DNA inaonyesha leukonoidi ametokea zaidi ya mara moja, katika koo tofauti. Ngazi ina mwelekeo mmoja, hii haina.

Tatu: kuna maumbo yasiyoingia kwenye yale matatu. Silibidi ina vijumba virefu vilivyokusanyika kuzunguka mikunjo ya uwazi mkuu, na hupatikana kwa baadhi ya Calcarea na kwa Homoscleromorpha, kundi jingine la sifongo. Mwaka 2011 Cavalcanti na Klautau wakaeleza solenoidi, aina ya tano, kwa sifongo wa chokaa wenye mtandao wa mabomba ndani ya mwili mnene wenye uwazi mkuu mmoja. Ukijibu mtihani kwa yale matatu utapata alama zako, lakini kwenye utafiti ziko tano.

Kinachochanganya watu ni ukuaji. Sycon mchanga baada ya lava (mtoto wake anayeogelea) kujibandika kwenye jiwe huanza kama bomba la askonoidi, hatua ambayo Haeckel aliiita olinthasi, kisha mionzi inachipua. Demosponji mchanga huanza na hatua iitwayo ragoni, ambayo tayari ina vijumba, na oskulamu moja. Hakupitia olinthasi.

#13 Baharini_Leo

Hoja ya ragoni imenitosha. Asante mkuu kwa kueleza kwa utulivu.

#14 Kamba_na_Boya

Salaam wadau. Sisi upande wa kilimo tunahitaji kujua haya kwa kazi. Huku Unguja, kijiji cha Jambiani, wapo akina mama wanaofuga sponji za kuogea kwenye kamba baharini. Mbegu ni kipande kilichokatwa kutoka kwa sifongo mama. Kwa nini kipande kinakuwa sifongo kamili, na kwa nini vingine vinaoza?

#15 TumbaweLaKusini

Swali zuri sana ndugu Kamba, na jibu limo ndani ya mpangilio wenyewe.

Sifongo wa kuogea ni leukonoidi. Popote utakapomkata, kipande kina vijumba, mifereji ya pande zote mbili na akeosaiti kwenye mesohili. Kinachokosekana ni ngozi kwenye majeraha na njia kuu ya kutokea. Pinakosaiti zinatambaa na kufunga jeraha, mifereji iliyokatwa inaunganishwa upya, oskulamu mpya inafunguka. Uwezo huu unakwenda mbali: mwaka 1907 H. V. Wilson alikamua sifongo kupitia kitambaa cha hariri mpaka wakawa seli moja moja, na seli zikatafutana na kujijenga tena.

Sasa kwa vitendo:

Kisu kiwe kikali, cha kukata kwa mkupuo. Kisu butu kinaminya, na kuminya kunapasua vijumba mbali ndani ya kipande, si pale kwenye jeraha tu. Mwachie sifongo mama shina lake lililoshika mwamba, usimng'oe, atajijaza.

Ukubwa: kipande cha sm 5 hivi kila upande kinafaa. Kidogo mno kina jeraha kubwa kuliko nyama. Kila kipande kiwe na angalau upande mmoja wenye ngozi ya asili, hapo ndipo ostia zilizo tayari zilipo, na kipande kinaendelea kujilisha wakati pande nyingine zinapona.

Yote yafanyike majini. Sababu ameshaitaja Hadubini: povu la hewa.

Kamba ipite katikati na isicheze. Ikicheza inasaga shimo lake kila wimbi linapopita, jeraha halifungi, na kuoza kunaanzia hapo.

Vipande vikae mbali na mchanga wa chini. Tope laini ndilo adui mkubwa wa mfumo huu. Linaingia kwa ostia, sifongo anajibana kusimamisha mtiririko, na akijibana siku nyingi hali na hapumui vizuri. Mwani unaoota juu yake uondolewe mara kwa mara kwa sababu unaziba ostia hizohizo.

Dalili ya kuoza ni doa jeupe au la kijivu, linalonata, lenye harufu. Toa kipande hicho kwenye kamba mara moja.

#16 Kamba_na_Boya

Ahsante sana mwalimu. Na mtu atajuaje kama kipande kimeshaanza kusukuma maji? Kwa macho vyote vinafanana.

#17 Kina_Kirefu

Rangi. Floresini kidogo mno kwenye maji ya bahari, au rangi ya chakula kama huna. Vuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Siku maji yametulia, achia mililita moja polepole, sm 1 au 2 kutoka ubavu wa kipande, usielekeze kwenye oskulamu. Kipande chenye afya kinaivuta rangi na kuitoa juu kama mkondo mwembamba ulionyooka. Ukiona rangi inapeperuka yote upande mmoja, huo ni mkondo wa bahari, rudia upande wa kinga. Ukiona haiingii kabisa usimtupe: huenda amejibana kwa sababu umemgusa. Kujibana na kujilegeza kwa sifongo ni kazi ya dakika nyingi, hakuna neva za kuharakisha. Rudi baadaye ujaribu tena bila kumshika.

#18 Mwanagenzi_Zuo

Wakuu, mmesema sifongo akitolewa majini anaingiwa na hewa. Mbona wale wa kwenye miamba wanabaki nje maji yakitoka na hawafi?

#19 TumbaweLaKusini

Kwa sababu maji yanashuka polepole naye anafunga oskulamu na ostia, anabaki na maji yake ndani. Wengi hukaa chini ya jiwe au kwenye ufa wenye kivuli, na miili yao ni utando mwembamba. Ukimnyanyua mmoja mkubwa ghafla, uzito wa maji unayavuta yote chini kabla hajafunga chochote.

#20 Nyanda_za_Ziwa

Na wa maji baridi? Ziwa Tanganyika lina sifongo kwenye mawe. Nao ni leukonoidi? Na wale wa vioo wa kina kirefu, pamoja na wanaosemekana kula nyama?

#21 Kina_Kirefu

Wa maji baridi wote ni Demospongiae, na ni leukonoidi. Wa Tanganyika, kama Spongilla moorei aliyeelezwa na Evans mwaka 1899, wamo humo. Jambo la kuangalia ni kwamba kwa sifongo wa maji baridi ostia nyingine hupita ndani ya seli moja, porosaiti, jambo ambalo vitabu hulitaja kwa askonoidi tu.

Wa vioo, Hexactinellida, usiwalazimishe kwenye majina haya. Tishu yao kubwa ni sinsitiamu, nyama moja yenye viini vingi bila utando wa kuitenga iwe seli moja moja, na kola zao zinachomoza kutoka humo. Vijumba vipo, ila vimejengwa tofauti.

Walao nyama ni Cladorhizidae. Mwaka 1995 Vacelet na Boury-Esnault walimweleza mmoja kutoka pango la Mediterania ambaye hana mifereji, hana vijumba, hana koanosaiti. Ananasa vijidudu vya jamii ya kamba kwa spikuli za ndoana na seli zinamzunguka windo na kumsaga. Kina hakina chembe za kutosha kuchuja, kwa hiyo pampu imeachwa.

#22 Hadubini_Safi

La mwisho kwa wanaofanya utambuzi, maana "leukonoidi" peke yake haitoshi kwenye ufunguo wa kutambulia familia. Kuna namna tatu za kijumba kuungana na mifereji, majina ya zamani ya mtaalamu wa sifongo Sollas:

Euripili: prosopaili zinafunguka moja kwa moja kutoka mfereji wa kuingiza, na apopaili pana inafunguka moja kwa moja kwenye mfereji wa kutoa.

Afodali: upande wa kutokea kuna kishingo chembamba kati ya kijumba na mfereji.

Diplodali: vishingo pande zote mbili, kuingia na kutoka.

Kwa sifongo wa nyuzi za spongini hii ni alama ya kweli. Dysideidae wana vijumba vikubwa vya yai, euripili. Spongiidae, familia ya sponji za kuogea, wana vijumba vidogo vya mviringo, diplodali. Kipande kikiwa kimegandishwa vizuri, 40x inatosha kuwatenganisha. Pima vijumba 20 au zaidi, vile tu ambavyo apopaili yake inaonekana kwenye mkato, maana kijumba kilichokatwa pembeni kitakupa kipenyo kidogo kuliko halisi na utamwandika wa Dysideidae kwenye familia isiyo yake.